Ufa kwenye ukuta: usome kwanza ndo uuzibe

Mtu akishahamia kwenye nyumba yake haipiti masika mbili anaanza kutuma picha WhatsApp. Picha ina mstari umekatiza toka kona ya dirisha kwenda juu mpaka kwenye renta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango), na swali ni lile lile, "mkuu hapa naziba na nini?" Fundi aliyejenga anamwambia bandua plasta upige upya, muuza hardware anamuuzia kopo la dawa, jirani anamwambia nyumba mpya zote hupasuka usijali. Na methali ya ufa naijua, msinitajie, nadhani hata hiyo methali imechangia watu kukimbilia kuziba. Ukuta uliopasuka unakuonesha kuna sehemu imevutwa, imesukumwa au imekosa pa kukalia, sasa ukiuziba kabla hujajua ni ipi umefuta ushahidi mwenyewe, na msimu ujao utapasuka palepale au sentimita kumi pembeni, af unaanza kumlaumu muuza dawa.

Kuna upande wa pili pia. Tangu lile ghorofa la Kariakoo lianguke tarehe 16 Novemba 2024 kuna watu wanaogopa kila kamstari. Niseme mapema tu, nyufa nyingi kwenye hizi nyumba zetu za chini hazitaangusha nyumba. Chache ndo hatari, na baadhi ya hizo hatari hata hazitishi ukiziangalia, wakati ile inayokukosesha usingizi sebuleni unaweza ukakuta ni plasta tu. Kwa hiyo tuzitenganishe.

Cha kwanza kabisa jua kama ufa umeishia kwenye plasta au umeingia kwenye tofali. Chukua nyundo na patasi, bandua plasta upana wa kiganja juu ya ufa, sehemu mbili tatu, mpaka uone tofali zenyewe. Ukikuta tofali zimetulia na mota (ule mchanga na simenti wa kuungia tofali) katikati yake haijaachia basi hiyo kesi ni ya plasta, na mara nyingi imetokana na kuzidisha simenti, maana watu wanaamini simenti nyingi ndo uimara, kumbe plasta yenye simenti nyingi inasinyaa sana ikikauka inajichana yenyewe. Ndoo moja ya simenti kwa tano za mchanga safi inatosha kabisa. Sababu nyingine ni fundi kupiga plasta jua la saa saba kwenye ukuta mkavu haujaloweshwa, ukuta unanyonya maji yote ndani ya dakika chache, plasta inakosa maji ya kukomaa. Zinatoka zile nyufa nyembamba zinakatana katana ovyo hazina mwelekeo. Gonga gonga na mpini wa nyundo, sehemu itakayotoa mlio wa uwazi ndani ibandue, zilizobaki wachia fundi rangi.

Kama tofali nazo zimeachia, hapo sasa ndo tunaanza.

Pima upana. Huhitaji kifaa, kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ijaribu. Isipopenya huo ufa ni wa kuangalia tu kwa sasa. Ikipenya anza kuweka kumbukumbu. Na kama penseli nzima inaingia, hiyo ni milimita 7 hivi, acha kusoma makala mtandaoni tafuta injinia.

Kumbukumbu inawekwa hivi: kwenye kila mwisho wa ufa chora kamstari kadogo ka kuukatiza, andika tarehe palepale ukutani kwa penseli. Halafu katikati ya ufa bandika kipande cha kioo chembamba kwa gundi kali, upande mmoja huku upande mwingine kule. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukicheza hata nusu milimita kinakatika. Ukaguzi fanya asubuhi kila mara, kwa sababu ukuta wa upande wa magharibi ukipigwa na jua la jioni unatanuka na utapata vipimo vya kukuchanganya. Ndani ya mzunguko mmoja wa kiangazi na mvua utakuwa umejua uko kundi lipi, la ufa uliotokea mara moja ukatulia, ule unaofunguka na kujifunga kufuata msimu, au ule unaoongezeka tu bila kurudi nyuma. Hayo makundi matatu dawa zake hazifanani hata kidogo, na hakuna fundi anayeweza kukutajia kundi kwa kuangalia picha.

Sasa sura. Ufa wa mshazari unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali ndo unaohusu msingi mara nyingi. Unaanzia kwenye kona ya dirisha au mlango kwa sababu pale ukuta umetobolewa, ndo pa kwanza kuachia. Kujua upande gani umezama kuna kanuni ya haraka: weka rula juu ya ukuta ikatize ufa kwa pembe mraba, ule mwisho wa rula unaoangalia chini ndo unaelekea kwenye sehemu iliyoshuka. Angalia pia ufa ni mpana wapi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini ina maana ncha za ukuta zimeshuka au katikati pameinuliwa, ukiwa mpana chini ujue katikati ndo pamezama. Zunguka nje angalia upande huo kuna nini. Mara nyingi sana utakuta karo la maji machafu, au bomba la bafuni linavuja miaka, au bati zote za upande huo zinamwaga maji palepale chini hamna gata.

Maji na udongo, hiyo ndo habari kubwa na watu hawaipi uzito kwa sababu haionekani. Udongo wa kichanga ukishabanwa na uzito wa nyumba unatulia. Mfinyanzi hautulii, ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, kila mwaka, milele. Kibaha pale, ukitoka Dar kwa barabara ya Morogoro, udongo wa hivyo upo, umefanyiwa utafiti kabisa na nyumba zilizopasuka kwa sababu yake zipo. Wakenya wa Kitengela na Athi River wanaujua ule mweusi wa pamba, na kwetu maeneo ya mbuga, yale mabonde ya udongo mweusi, ni huohuo. Ajabu yake ni kwamba nyumba ndogo nyepesi ndo inaumia zaidi. Mtu anajiambia hii ni nyumba ya vyumba vitatu tu, msingi wa kawaida unatosha, ghorofa ndo lihangaike, kumbe udongo ukivimba unasukuma juu, na nyumba ya chini haina uzito wa kuukandamiza, kwa hiyo inabebwa.

Tena haibebwi yote kwa pamoja, hapo ndo shida. Chini ya sakafu katikati ya nyumba udongo umefunikwa unyevu haubadiliki sana, pembeni kwenye kuta za nje kiangazi kinakausha na masika inalowesha. Kwa hiyo kingo zinapanda na kushuka wakati katikati pametulia, na ukuta wa tofali hauwezi kupindika, unapasuka. Mti mkubwa karibu na nyumba unaongeza, mkaratusi hasa unavuta maji mengi, upande ule udongo unakauka zaidi kuliko kwingine. Ila usikimbilie kukata mti mkubwa wa miaka mingi kwenye mfinyanzi, ukiukata ule udongo uliokuwa unakaushwa unaanza kupata maji yake unavimba upya, nyumba iliyokuwa imezama inaanza kuinuliwa. Bora kupunguza matawi kidogo kidogo kwa misimu kadhaa na kuangalia kioo chako kinasemaje.

Kujua kama una mfinyanzi kabla hujajenga, chimba shimo mita moja na nusu, chukua udongo wa chini, uloweshe kidogo uufinyange kwenye kiganja utengeneze uzi mwembamba wa milimita 3 hivi. Ukikatika katika kabla hujafika hapo, mfinyanzi ni kidogo. Ukiweza kutengeneza uzi mrefu unauning'iniza na haukatiki, msingi wako usiamuliwe na fundi peke yake. Na kama ni kiangazi na ardhi ya kiwanja ina mipasuko unaingiza vidole, huna haja hata ya kufinyanga.

Kosa moja naliona sana kwenye viwanja vya mfinyanzi, watu wanachimba mtaro wa msingi wanaujaza mchanga chini "ili upate sehemu laini ya kukalia". Mchanga unapitisha maji, kuta za mtaro ni mfinyanzi hazipitishi, mvua ikinyesha maji yote ya kiwanja yanaingia kwenye mchanga yanakosa pa kutokea, yanakaa chini ya msingi yanalowesha udongo uleule uliokuwa unaukimbia. Ukitaka kubadilisha udongo weka moramu (ule udongo wa changarawe), kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka inyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine kabla ya nyingine. Na mkanda wa chini wenye nondo usiuruke hata fundi akikwambia jirani hajaweka.

Kwa nyumba iliyoshasimama, kabla ya kugusa ufa shughulikia maji. Weka gata na uyapeleke maji mbali. Mwaga sakafu kuzunguka nyumba nzima upana wa mita moja au zaidi kidogo, iwe na mteremko wa kuangalia nje, ili kingo za msingi zisilowe na kukauka kwa fujo. Kagua mabomba. Karo linalovuja lizibwe au lihamishwe. Nimeona nyumba zimetulia kabisa kwa hayo tu bila kugusa msingi. Yakishindikana ndo injinia anaweza kusema mchimbe muongezee msingi kwa chini, na hiyo kazi ikifanyika inafanyika kwa vipande vya mita moja hivi kwa kurukana, unachimba kipande, unamwaga zege, linakomaa, ndo unahamia kingine. Fundi akija akaanza kuchimba ukuta mzima kwa mara moja apate nafasi nzuri ya kufanyia kazi, mtoe saiti siku hiyohiyo.

Nisichanganye na sakafu. Kuna mtu anaona uwazi kati ya taili za sakafu na zile za ukutani, au mlango ulikuwa unasugua chini sasa umeachia, anadhani nyumba inazama. Hapo mara nyingi kilichoshuka ni jamvi tu, yaani zege la sakafu, kwa sababu kifusi kilimwagwa kwa lori kikasambazwa kwa chepe kikafunikwa na zege. Kuta ziko kwenye msingi wake hazijui habari hiyo. Ni hasara, ni kuvunja sakafu na kushindilia upya, ila haina hatari ya kuangukiwa.

Kuna nyufa za mstari ulionyooka kabisa, hizo zinatisha watu bure. Wima, pale nguzo ya zege inapokutana na ukuta wa tofali, na ya kulala, chini kabisa ya slabu (bapa la zege) au bimu (mhimili wa zege). Zege na tofali hazitanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja na pale zinapokutana hakuna kinachozishika, lazima ziachane. Dawa yake ilitakiwa iwekwe wakati wa kujenga, vipande vya nondo nyembamba vinatoka kwenye nguzo vinaingia kwenye maungio ya tofali kila kozi (mstari wa tofali) ya tatu hivi, na wakati wa plasta unapigilia wavu wa kuku kwenye muungano upana wa sentimita 15 kila upande. Na ukuta wa chini ya bimu ule mstari wa mwisho wa tofali usibanwe siku hiyohiyo, uache ukae siku kadhaa ukuta usinyae, ndo umalizie.

Sasa niende kwenye zile ambazo zinafanya kweli.

Ya kwanza, fremu. Mtaa ukishachangamka mtu anavunja ukuta wa mbele wa vyumba apate fremu za duka, mlango wa geti mita tatu. Fundi anamwambia renta ipo juu itashika. Renta ile iliwekwa kwa ajili ya dirisha la mita moja na nusu. Ukiongeza uwazi mara mbili, nguvu ya kuipinda haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, kwa mzigo uleule wa kila mita. Na mzigo siyo mdogo, ukuta wa tofali za inchi sita una karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mita tatu zenye ukuta wa mita moja juu yake ni kilo 900, hujaweka paa wala plasta. Dalili ya kwanza ni ufa mdogo wa wima katikati ya renta kwa chini, af inafuata mishazari miwili inapanda toka pande zote za uwazi kama paa la nyumba, kile kilicho chini ya mishazari kinataka kushuka. Ukiona geti la fremu limeanza kuwa gumu kufungua usipake grisi kwanza, chukua uzi wa fundi uuvute chini ya renta uone imepinda kiasi gani.

Kama unataka kufungua uwazi mkubwa inawezekana, ila bimu mpya inaingia kwanza ndo ukuta wa chini unavunjwa. Unatoboa matundu juu ya pale bimu itakapokaa, unapenyeza mbao nene au vyuma, unavishika kwa mirunda pande zote mbili na mirunda ikanyage mbao pana siyo udongo mtupu, ndo unakata nafasi ya bimu. Bimu ikae kwenye nguzo zake zenye msingi wake, isiishie kukalia sentimita kumi za tofali. Nondo ngapi na kina gani, hiyo ni kazi ya injinia ya siku moja, na ni pesa ndogo kuliko geti lenyewe.

Ya pili, kutu. Hii ni ya Pwani yote, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa. Ufa unafuata mstari wa nondo, kwenye nguzo unakuwa wima karibu na kona, kwenye slabu unaonekana kwa chini, na mara nyingi una rangi ya kahawia inavuja. Chuma kikipata kutu kinachukua nafasi mara mbili mpaka sita ya ile ya mwanzo, kwa hiyo kinalisukuma zege toka ndani mpaka linabanduka. Chanzo ni nondo kukaa karibu sana na uso wa zege, au mchanga wa bahari, kwa sababu chumvi yake inaifikia nondo hata kama zege ni zuri. Wanaopiga plasta juu ya hiyo wanaficha tu, ndani kazi inaendelea, na mwaka unaofuata kinabanduka kipande kikubwa zaidi. Inabidi zege libomolewe mpaka nyuma ya nondo kabisa, kidole kizunguke, nondo isuguliwe ibaki nyeupe, ndo urudishie zege au mota maalum ya ukarabati. Kama nondo imeliwa imekuwa nyembamba kwa macho, weka mirunda chini ya bimu kwanza halafu ndo umpigie injinia simu.

Kuzuia ni rahisi mno, inauma kuona watu wanaruka. Vile vibonge vya zege vya kushikilia nondo isiguse mbao, mafundi wengi wanaviita biskuti, vitengenezwe wiki moja kabla, unene milimita 25 kwa slabu, 40 mpaka 50 kwa msingi. Siyo kokoto iliyosokomezwa chini ya nondo, inateleza wakati wa kumwaga.

Ya tatu ndo inayoniogopesha kuliko zote, na ndo ambayo haimshtui mtu. Ni ufa juu ya sakafu ya balkoni, umekaa sambamba na ukuta wa nyumba, pale balkoni inapoanzia. Unaweza kuwa mwembamba kabisa umefunikwa na vumbi.

Iko hivi. Zege lina nguvu sana likibanwa, likivutwa nguvu yake ni kama moja ya kumi tu, ndo maana tunaweka nondo upande unaovutwa. Bimu iliyokalia kuta mbili inaning'inia katikati, chini ndo panavutwa, nondo kuu zinakaa chini, hilo kila fundi analijua. Balkoni imeshikwa upande mmoja. Inainama kwenda mbele, panapovutwa ni juu, pale pale kwenye ukuta, kwa hiyo nondo kuu lazima zikae juu, na zirudi ndani kwenye slabu ya chumba angalau mara moja na nusu ya urefu uliotokeza nje. Fundi aliyezoea kuweka chini ataweka chini. Na hata aliyeweka juu, siku ya kumwaga saidia fundi wanne na matoroli yao wanapita juu ya nondo hizo, zinashuka. Chukulia slabu ya milimita 150, nondo ya juu ilitakiwa iwe milimita 120 toka chini, imekanyagwa imeshuka 50, imebaki na 70, umepoteza zaidi ya asilimia 40 ya nguvu na ukiangalia kwa nje slabu ni ileile nzuri yenye taili.

Balkoni hizi huwa hazitoi notisi ndefu. Inasimama miaka, siku ya sherehe watu kumi na tano wanaenda kupiga picha. Kwa hiyo ukiona huo ufa, au ukimwaga maji unaona yanatuama mbele kwenye ukingo wakati mteremko haukuwa huo, funga mlango wa balkoni kwa kufuli, weka mirunda chini, ita injinia. Hapa hamna cha kubandika kioo na kusubiri msimu. Na kama ndo unajenga, simama mwenyewe siku ya kumwaga, dai viti vya nondo vya kushikilia zile za juu na mbao za kupitishia toroli. Fundi atakuona msumbufu, mwache akuone.

Kwa anayejenga niongeze mawili ambayo yanazaa nyufa baadae. Maji kwenye zege: mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 25 tu, na mchanga ukiwa umelowa punguza, maana maji ya mchanga nayo yanahesabika. Saidia fundi wanapenda zege linalotiririka kwa sababu halichoshi kusambaza, ila maji ya ziada yakishatoka yanaacha vitundu na zege linasinyaa linapasuka. Likishashika lifunikwe magunia liwe linamwagiwa siku 7 bila kukosa, na mtu wa kumwagilia awepo Jumapili pia.

Lingine ni nondo za sokoni. Unalipia milimita 12 unapewa kitu kingine. Zidisha kipenyo kwa chenyewe ugawe kwa 162, unapata kilo kwa mita. Kwa 12 inakuja 0.89, kwa hiyo nondo ya mita 12 inatakiwa iwe kilo 10.7. Tofauti ya asilimia tano hivi siyo ya kugombana. Ukikuta kilo 8 na kidogo, hiyo ni milimita 10 na nusu, umeshapoteza karibu robo ya chuma, na muuzaji anajua. Nenda na mzani.

Kuhusu wanaotaka kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya chini iliyokwisha kujengwa, jibu langu ni hapana mpaka msingi uchimbuliwe uonekane na mtu mwenye usajili wa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi Tanzania) asaini jina lake. Kwa Kenya ni mhandisi wa EBK, bodi ya wahandisi ya kule. Jina la mtu unaweza kulihakiki kwenye orodha ya bodi kabla hujamlipa.

Basi turudi kwenye swali la mwanzo la kuziba na nini. Ufa uliotulia, mwembamba, wa kwenye plasta, ukwangue uwe mpana kidogo kwa juu, toa vumbi, weka fila inayonyumbuka, rangi. Ufa uliotulia ila umekata tofali unashonwa: kila baada ya kozi tatu unachimba muungano wa mota kina cha sentimita 4 au 5, urefu nusu mita kila upande wa ufa, unaosha, unalaza kipande cha nondo ya milimita 8, unajaza mota ya moja kwa tatu na kuibana vizuri, ukikauka ndo plasta na wavu. Ile mistari iliyonyooka kwenye nguzo na bimu usiipige simenti, itatoka tena, weka silikoni ya kupakika rangi au funika kwa mbao ya urembo.

Na ule unaocheza na misimu, hata ukishatengeneza gata na sakafu ya nje, usishone wala kuweka simenti, weka kitu kinachonyumbuka tu, na uweke wakati ufa umefunguka kuliko wakati wote. Kumbukumbu zako za ukutani zitakwambia ni lini, kwa nyumba nyingi za kwenye mfinyanzi ni mwisho wa kiangazi kabla vuli haijaanza. Ukiujaza masika umejibana, ikifika Septemba fila imechanika katikati na hela ya rangi imeenda.